Mwaka Niliomnyima Sikudhani Haule

Siku ile ofisini kwa mkuu wa chuo chetu cha ufundi, Njombe, tulikuwa saba. Alikuwapo mkuu mwenyewe, Mwalimu Kilumbe, nyuma ya meza yake. Alikuwapo mratibu wa taaluma, Mwalimu Sanga, mwenye kazi ya kuandika yatakayosemwa. Alikuwapo Bwana Hamisi, mwenye duka la pembejeo Makambako, ambaye hakuwa amenyamaza tangu ashuke kwenye gari. Kando yake alikaa mzee Mlelwa, mkulima wa viazi, kofia yake mapajani. Upande wa pili walikaa wanafunzi wangu wawili, Joseph Mgina na Sikudhani Haule. Wa saba nilikuwa mimi, mwalimu wao. Mezani palikuwa na karatasi moja, na karatasi hiyo ilikuwa imetoka katika chumba changu.

Ninyi walimu wawili mliopokea chumba changu cha kompyuta mmeniandikia kwamba masharti ya kozi yetu ya upangaji wa kurasa ni marefu na makali, na mnataka kuyapunguza. Mmeniuliza kila sharti lilitoka wapi ili mjue lipi la kufuta. Siwezi kuwajibu bila kufika kwenye ofisi ile, na siwezi kufika pale bila kuanza mbali kidogo. Vumilieni. Mstaafu hana kengele.

Nilianza kazi nikiwa na miaka kumi na saba. Baba alitangulia, mama akamfuata baada ya mwaka, na nyuma yangu walikuwa wanne, wa mwisho akiwa bado anabebwa mgongoni. Shule niliiachia darasa la saba. Wazee wa ukoo walikaa wakataka kutugawa, huyu kwa shangazi, yule kwa baba mdogo. Nikasema hatugawanyiki. Tutakula nini kwa kutogawanyika, hilo sikuwa nimelifikiria. Jirani akaniambia Makambako kuna mtu wa Kondoa, Mzee Salum, amefungua kiwanda kidogo cha uchapaji upande wa reli na anatafuta mtu wa kufagia.

Siku ya kwanza nilifagia mpaka saa nne. Kisha dada yake Mzee Salum, Bi Rehema, akaniita kwenye meza yenye fremu ya chuma iliyojaa herufi ndogo za madini ya risasi.

"Unajua kusoma?"

"Najua."

"Nisomee hapa."

Nikainama, nikaangalia, nikaangalia tena. "Bi Rehema, hiki Kiarabu sikijui."

Alicheka mpaka akashika meza. "Salum, njoo umsikie mtoto wa Kibena, anasema Kiarabu! Mwanangu, ni Kiswahili. Kimegeuka tu, kwa sababu kikigonga karatasi kitageuka tena."

Baada ya miezi mitatu niliweza kusoma maneno yaliyogeuka vizuri kuliko yaliyonyooka, na mpaka leo mabango ya barabarani hunichosha kidogo.

Bi Rehema ndiye aliyenifundisha kazi. Kabla ya kuchapa chochote tulitoa nakala moja ya majaribio, ambayo sisi huiita prufu. Yeye alishika karatasi ya mteja, mimi nikashika prufu na rula. Akasoma kwa sauti kila kilichokuwapo: "Herufi kubwa, Bwana na Bibi, koma, wa Mafinga, nukta." Tarakimu alizisoma moja moja, kisha akazirudia kuanzia mwisho. Nikikohoa, mstari ulianza upya. Siku moja nilimwuliza kwa nini tusisome kimoyomoyo tumalize mapema.

"Ukisoma kimya unasoma unachokitaka," akasema. "Mimi sitaki unachokitaka. Nataka alichoandika mteja."

Hata hivyo tulikosea. Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa kijitabu cha nyimbo cha kwaya ya kigango kimoja cha Njombe. Maneno yote yalikuwa sahihi, lakini nilipanga kurasa vibaya kwenye karatasi kubwa, na ilipokunjwa ukurasa wa tatu ukaangukia baada ya wa sita. Kwaya iligundua ikiwa tayari imesimama kuimba. Nasikia katekista aliwaambia waumini, "Wapendwa, kila mtu ajitafutie." Mzee Salum alicheka wiki nzima, kisha akaniagiza nikunje vitabu vyote upya, peke yangu. Sharti la kukunja karatasi tupu na kuandika namba za kurasa kwa mkono kabla ya kugusa kompyuta lilitoka hapo. Mnaliona la kizamani. Jaribuni kulifuta, mtasikia kutoka kwa katekista.

Kompyuta ilipofika Makambako ilikuja kwa lori, juu ya magodoro. Bi Rehema aliifumia kitambaa. Tulivua viatu mlangoni, na wateja nao walivua, hata madereva wa malori ambao kwa miguu yao ingekuwa heri wasivue. Nilijifunza kwa kitabu cha maelekezo cha Kiingereza nikisaidiwa na kamusi, neno kwa neno. Siku umeme ulipokatika nikapoteza kurasa ishirini za katiba ya ushirika wa wakulima, nililia kama nimefiwa. Bi Rehema alisubiri.

"Ulikuwa umehifadhi?"

"Hapana."

"Basi lia tena kidogo, kisha uanze."

Nililea wadogo zangu kwa kiwanda kile. Sitaeleza zaidi ya hapo. Lakini mjue kwamba katika miaka yote hiyo sikuwahi kukaa mbele ya mashine bila hofu. Kila kazi niliyoitoa niliona mtu mahali fulani akiisoma na kuuliza nani kaandika hivi, na jibu lilikuwa moja: mtoto wa darasa la saba.

Bi Rehema alipozeeka alirudi Kondoa, Mzee Salum akafunga kiwanda, na mimi nikabaki na kiduka cha kuchapa barua. Huko ndiko Mwalimu Kilumbe alikonikuta. Mwalimu wake mwenye diploma alikuwa amehamia Dodoma katikati ya muhula, na chumba chenye kompyuta kumi na mbili kilikuwa kimefungwa.

"Mwalimu, mimi ni darasa la saba," nilimwambia.

"Sijakuuliza darasa. Nimekuuliza utaanza lini."

"Wakija wakaguzi?"

"Utakuwa fundi wa karakana."

Neno hilo, fundi wa karakana, lilinikalisha chuoni kwa miaka ishirini na mitano. Halikuwahi kunipa usingizi.

Masharti niliyaandika wiki ya kwanza. Diploma sikuwa nayo ya kuwaonyesha wanafunzi, nikaona bora niwaonyeshe ukali. Anayechelewa abaki nje mpaka mapumziko, kwa sababu akiingia anakanyaga nyaya. Flashi ngeni isiingie kwenye kompyuta kabla sijaikagua. Kila aya ihifadhiwe, na kila kazi iwekwe mahali patatu. Usifungue faili la kazi ya zamani na kuandika juu yake. Anza ukurasa mpya hata kama ni kazi ya aina ile ile. Sharti la saba lilisema kazi ya mteja isomwe kwa sauti na watu wawili, mmoja ameshika karatasi ya mteja, mwingine prufu, watie sahihi nyuma, kisha mwalimu atie yake. La nane lilisema mwenye kazi iliyotoka bila kusomwa hivyo amepoteza mradi wake, na hatafanya mtihani mwaka huo.

Siku ya kwanza ya kila mwaka yalisomwa darasani, kila mwanafunzi sharti moja, akisimama. Mwaka alioingia Sikudhani, kijana mmoja wa nyuma aliuliza, "Madam, hii ni kozi au jeshi?"

"Jeshini wanakupa chakula," nilimjibu. "Hapa hata chai hakuna."

Sikudhani ndiye aliyesoma la saba. Alikuwa ametoka Lupingu, kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, binti wa mvuvi, mkubwa kwao kama mimi. Baridi ya Njombe ilimtesa. Alikuwa na sweta moja jepesi, na printa ilipotoa karatasi alizishika kwanza kwa viganja viwili, apate joto, ndipo azipange.

"Madam, ninyi watu wa huku mliamua wenyewe kuishi ndani ya friji?"

"Tulizaliwa humo. Funga mlango."

Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuridhika na kazi yake. Mwaka wake wa pili nilimpa kazi halisi kwa ajili ya mradi wake. Bwana Hamisi alitaka karatasi za maelekezo ya dawa ya wadudu wa viazi, kwa sababu maandishi ya kwenye kopo ni madogo na wakulima walikuwa wakimrudia kuuliza. Alileta maelekezo yake kwa mkono, akanikabidhi mimi. Nikayaweka kwenye droo yangu.

Siku kazi ilipokuwa tayari kusomwa, wakaguzi wa vyuo walikuwa waje kesho yake. Mwaka ule ilisemwa kwamba wataangalia cheti cha kila anayesimama mbele ya darasa, fundi au si fundi. Mdogo wangu wa mwisho, yule wa mgongoni, alikuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi. Tangu asubuhi nilikuwa nimeimwaga droo mezani nikitafuta barua ya Mzee Salum ya kuthibitisha miaka yangu ya kiwandani, na sikuwa nikiiona. Sikudhani na Joseph wakasimama mlangoni.

"Madam, tunaomba karatasi ya Bwana Hamisi tusomee."

"Iko humu humu, nitaitafuta. Mmeshamaliza kupanga?"

"Tumemaliza."

"Basi someaneni kwenye skrini. Mmoja asome skrini, mwingine prufu."

"Kwenye skrini, Madam?" Aliuliza hivyo, taratibu, kwa sababu sharti la saba alikuwa amelisoma yeye mwenyewe amesimama.

"Sikudhani, wakaguzi ni kesho. Nendeni."

Baada ya nusu saa walirudi na prufu yenye sahihi mbili nyuma. Nikatia ya tatu nikiwa nimesimama, karatasi nimeiegemeza kwenye goti, bila kuigeuza upande wa mbele. Kisha nikaitupa kwenye droo, nikaendelea kutafuta barua yangu.

Sasa niwaeleze kosa lenyewe, kwa sababu ni la watu wa kazi hii tu. Mwezi mmoja kabla, darasa lilikuwa limechapa karatasi kama hiyo kwa ajili ya busta, ile mbolea ya majimaji ya kunyunyizia majani. Sikudhani alifungua faili la busta akaandika juu yake. Akabadilisha jina la dawa, akabadilisha zao, akabadilisha siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mstari wa kipimo ukabaki wa busta: vifuniko kumi kwa bomba moja la kunyunyizia. Dawa ya wadudu ilitakiwa vifuniko viwili. Hilo lilikuwa kosa lake na sitalifuta. Lakini niliandika masharti mawili ili la kwanza likivunjika la pili likamate. Walipoambiwa wasomeane kwenye skrini, skrini ilisema kumi na prufu ikasema kumi. Walisoma kwa sauti, koma na nukta, wakalithibitisha kosa lile lile kwa uaminifu kabisa. Karatasi pekee iliyosema viwili ilikuwa chini ya mkono wangu.

Wakaguzi walikuja wakaondoka. Chumba changu hawakufika, walimaliza muda kwenye ushonaji. Nilifurahi kwa siku tisa.

Siku ya kumi ndiyo ile ya watu saba.

"Mimi nimeandika viwili," alisema Bwana Hamisi, vidole viwili hewani. "Kwa mkono wangu huu. Viwili! Mtoto wa chekechea hashindwi kunakili viwili. Mnafundisha nini hapa?"

Mzee Mlelwa alisubiri amalize. "Mimi sikuja kugombana," akasema. "Viazi vyangu nusu eka vimeungua kama vimemwagiwa maji ya moto. Mama watoto alikuwa ananyunyizia yeye, macho yalimvimba siku mbili, sasa anaona. Nimekuja kuuliza tu. Karatasi ikitoka chuo, sisi tusiiamini?"

Mwalimu Kilumbe akamgeukia Sikudhani.

"Mlisoma na karatasi ya mteja?"

"Hapana, mwalimu."

"Kwa nini?"

Aliniangalia. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia kama mtu aliyefika mlangoni pamoja na mkubwa wake, akasimama kando ili mkubwa apite kwanza. Mimi niliangalia meza.

"Hatukuwa nayo," akasema.

"Sharti unalijua?"

"Namba saba. Na nane."

"Na prufu iko wapi?"

Swali hilo lilikuwa langu, kwa kuwa prufu zote hubaki kwa mwalimu. "Nitaitafuta," nikasema. Hilo ndilo neno pekee nililotamka katika kikao kile. Ilikuwa kwenye droo, juu kabisa.

Joseph alipewa onyo, maana kazi haikuwa yake. Sikudhani aliambiwa arudi nyumbani, jina lake litolewe kwenye orodha ya mtihani. Ilikuwa Jumanne. Orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa. Alisimama, akamwomba mzee Mlelwa radhi kwa ajili ya macho ya mkewe, akatoka. Nilimwona dirishani akikusanya nguo zake kwenye kamba ya bweni.

Nilijiambia kwanza nizikusanye zile karatasi, kisha nitasema. Karatasi zilikuwa hatari zaidi, na hapo sikujidanganya. Nilichojidanganya ni kwamba siwezi kufanya yote mawili. Bwana Hamisi alikumbuka wanunuzi kumi na mmoja. Tulizunguka na pikapu yake vijiji vya Makambako siku nne, yeye akilaumu, mimi nikihesabu. Wengine walikuwa wamebandika karatasi ukutani stoo. Mmoja alikuwa amefungia chumvi. Wa kumi na moja alikuwa mwanamke tuliyemkuta shambani, bomba mgongoni tayari limechanganywa, akisubiri umande ukauke.

"Kamwene," akatusalimia. "Mbona dada unahema hivyo?"

"Umeweka vifuniko vingapi?"

"Kumi. Si ndivyo mlivyoandika?"

Tulimvua bomba, tukachimba shimo, tukamwaga. Alituangalia kama wendawazimu. Nilikaa chini kwenye tuta. Ilikuwa Jumamosi. Orodha ya mtihani ilikuwa imefungwa jana yake, na mimi nilikuwa najua siku hiyo ni siku gani, msije mkadhani nilisahau.

Jumatatu asubuhi niliweka prufu mezani kwa Mwalimu Kilumbe, upande wa nyuma ukiwa juu, sahihi tatu. Nikaweka na karatasi ya Bwana Hamisi. Nikamweleza yote. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Ungekuja Alhamisi," akasema.

"Najua."

"Alhamisi ningempigia simu mtu wa mitihani, tungemrudisha."

"Najua, mwalimu."

"Uliogopa nini?"

"Uliniajiri bila cheti. Mdogo wangu amebakiza miezi mitano."

"Na yule binti wadogo zake wamebakiza miezi mingapi?" akauliza, wala hakungoja jibu.

Nilipewa barua ya onyo. Sikufukuzwa, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kufundisha, na kwa sababu nyingine iliyonisumbua zaidi: masharti niliyoyaandika kwa mkono wangu hayakuwa na mstari hata mmoja unaomhusu mwalimu. Jioni ile niliuongeza. Ndilo sharti la mwisho mnalosema halipaswi kuwa mbele ya wanafunzi: mwalimu akitia sahihi kazi ambayo hakuisoma, kosa ni lake kwanza, na atasema siku hiyo hiyo. Mkipunguza mengine yote, hilo liacheni, na lisomwe na mwalimu mwenyewe akiwa amesimama.

Barua ya kumrudisha Sikudhani ilitumwa kwa dereva wa basi la Ludewa, na kutoka huko ikateremka mpaka Lupingu. Ilimwambia aje mwaka unaofuata, aanze upya muhula. Baada ya wiki tatu nikapata ujumbe kwa simu ya mtu: baba yake amesema hawezi kulipa mara ya pili, asante Madam.

Nikafundisha miaka mingine kumi na mitano. Mmoja wenu alikaa kwenye kompyuta ile ile aliyokuwa akitumia yeye. Sikumwambia.

Mwaka huu nimestaafu. Mlinipa kitenge na saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Wadogo zangu wote wanajitegemea. Wiki iliyofuata nilipanda basi la Ludewa, kwa kuwa nilikuwa nimesikia Sikudhani ana kiduka cha kuchapa na kutoa kopi pale mjini. Nilimkuta akimwandikia kijana wa upande wa Mchuchuma barua ya kuomba kazi kwenye mgodi, ule ambao kila mwaka husemwa unaanza.

"Shikamoo, Madam," akasema, bila kuinuka.

"Marahaba."

"Umezeeka."

"Na wewe umenenepa."

"Mimi nimezaa wawili. Wewe umefanya nini?"

Kijana akaondoka na barua yake. Nikamweleza Sikudhani kuhusu droo, Alhamisi, na Jumatatu. Alisikiliza huku akipanga karatasi.

"Nilijua," akasema. "Prufu si nilikukabidhi mwenyewe?"

"Mbona hukusema pale ofisini?"

"Nilikuwa nasubiri useme wewe. Nilisubiri mpaka Lupingu, Madam. Boti ikifika nateremka ufukweni, nadhani kuna mtu wa chuo. Barua ikaja, kumbe ni ya kuniambia nianze upya."

"Nisamehe."

"Hilo la kusamehe tuliache kwanza, nina wateja. Umekuja kunipa nini?"

"Niambie nikulipe nini."

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha wala ubaya. "Mwaka wangu."

Nilidhani ni maneno ya uchungu tu. Lakini alikuwa amelifikiria jambo hilo muda mrefu kuliko mimi. Chuo kilikuwa tayari kumpokea mwaka wa mwisho. Kilichomzuia ni duka. Akilifunga mwaka mzima, wateja watahamia kwa jirani na hawatarudi. Mumewe anafanya kazi kwenye boti, watoto wanaweza kukaa kwa bibi yao.

"Wewe umestaafu," akasema. "Mikono mizima, macho una miwani. Kaa hapa mwaka mmoja. Mimi niende darasani."

"Hapa Ludewa?"

"Ulitaka nikuletee duka Njombe?"

Mdogo wangu wa uuguzi alipiga simu kwa hasira. "Dada, umetulea sisi maisha yako yote. Sasa ni wakati wa kupumzika, unakwenda kutoa kopi Ludewa? Mpe pesa yoyote, tutachanga, yaishe."

"Hakuniomba pesa," nilimwambia. "Ameniomba mwaka. Na mwaka huo niliuchukua wewe ukiwa unamaliza wako."

Wiki ile ile alinitumia blanketi.

Basi yule mwanamke wa makamo anayekaa mstari wa mbele darasani kwenu, anayewasahihisha mkikosea namba ya sharti, ndiye huyo. Sikutaka awaambie yeye. Mkitaka kujua lipi la kufuta, mwulizeni, ana haki kuliko mimi. Lakini msimpe alama za huruma, na msimpunguzie chochote. Akianguka mtihani, nimemnyima mara mbili, na sina mwaka mwingine wa kumpa wenye afya kama huu.

Nalala chumba cha nyuma ya duka. Naamka kabla ya jogoo, nikiwaza kama nimezima mashine, kama ada yake ya muhula wa pili imefika, kama mtoto wake ana homa, naye ataitwa aje amwuguze. Jumapili jioni hunipigia. Habari za afya yangu haziulizi.

"Jana ulifungua?"

"Nilifungua."

"Mashine ya kopi?"

"Inakwaruza, lakini inatoa."

"Wateja hawajahama?"

"Mmoja. Anasema mimi ni mkali."

"Atarudi." Kila mara hapo nadhani sasa ataniambia ameshindwa, anarudi. Halafu huuliza lile lile, ambalo analijua, lakini anataka nilitamke mimi.

"Imebaki miezi mingapi, Madam?"

"Saba," nilimwambia Jumapili hii.

"Saba," akasema, akakata simu.